Dhahabu ya Chunya na volti ya pembeni

Dhahabu ya Chunya ni ya njano kwa sababu elektroni zake za ndani zinakimbia mno. Kiini cha atomu ya dhahabu kina protoni 79, na elektroni iliyo karibu nacho kabisa inavutwa kwa nguvu kiasi kwamba, kwa makadirio ya kawaida, mwendo wake unafika asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Kwa mwendo huo hesabu za Newton hazitoshi, inabidi aitwe Einstein. Naye akishaingia, ngazi za nishati za atomu nzima zinasogea, hata zile za nje kabisa. Matokeo yake dhahabu inameza mwanga wa buluu na kuturudishia uliobaki, ambao macho yetu yanauona njano. Fedha, ndugu yake mwepesi mwenye protoni 47, haifiki huko, ndiyo maana imebaki nyeupe. (Shaba nayo ina wekundu wake, lakini hiyo ni kesi nyingine, msomaji asinishike shati.)

Wachimbaji wadogo wanaoosha udongo kule Lupa hawahitaji kujua hayo ili wauze gramu zao. Nimeanza nao kwa makusudi. Fizikia ya elektroni zinazotembea katika vitu vyembamba, zikiwa na spini, zikiwa ndani ya sumaku, inazungumzwa siku hizi kama mali ya Manchester na Beijing. Mlango wake wa kuingilia ni dhahabu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaowaambia vijana wetu waanze na grafini, yaani safu moja ya atomu za kaboni, tunawapitisha dirishani, na wengi wanakwama hapohapo, miguu nje.

Nasema hivyo kwa sababu nina mpwa wangu anayesoma chuo hapa Mbeya. Alikuja nyumbani kunieleza mada yake ya mradi wa mwaka wa mwisho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, umeamua nini?"

"Grafini, mjomba. Ndiyo mpango mzima."

"Uifanyie nini?"

"Spini. Niendeshe spini kwa umeme, nizuie kwa sumaku."

Nikamwambia amenunua viatu vizuri vya mguu wa mtu mwingine. Hakufurahi, na haki yake. Grafini ni kitu cha ajabu kweli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, pale Manchester, walibandua grafiti kwa selotepu mpaka wakabaki na safu moja ya kaboni yenye unene wa karibu theluthi moja ya nanomita, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli. Elektroni zinapita humo kwa wepesi usio wa kawaida. Lakini kaboni ina protoni 6 tu, na jambo alilolitaka mpwa wangu linategemea uzito wa kiini kuliko kitu kingine chochote.

Tuelewane kwanza spini ni nini. Elektroni ina chaji, hilo kila aliyepita sekondari analijua. Ina pia usumaku wake wa kuzaliwa nao, kama sindano ndogo ya dira ambayo haiwezi kuzimwa. Huo usumaku unatokana na spini, jambo lililopendekezwa na vijana wawili Waholanzi, Uhlenbeck na Goudsmit, mwaka 1925. Sasa panda Coaster ya Tukuyu, kaa dirishani. Wewe umetulia kwenye kiti, migomba ya Rungwe ndiyo inayokimbia kurudi nyuma. Elektroni nayo inajiona imetulia. Kwa macho yake ni kiini ndicho kinachoizunguka. Chaji inayozunguka ni mkondo wa umeme, na mkondo huzaa sumaku. Kwa hiyo elektroni inajikuta ndani ya uga wa sumaku ambao hakuna mtu aliyeuleta: umezaliwa na mwendo wake yenyewe. Sindano yake ya spini inaugeukia. Huo ndio mwingiliano wa spini na mzunguko. Hesabu ya moja kwa moja inatoa jibu kubwa mara mbili ya linalopimwa, na ni Llewellyn Thomas aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba tulisahau kuwa elektroni inakata kona, haiendi moja kwa moja. Nusu hiyo ikajulikana kwa jina lake.

Kiini kikiwa kizito, umeme wake ni mkali zaidi, na uga huo wa kuzaliwa unapanda haraka sana. Katika grafini pengo la nishati linaloletwa na mwingiliano huu ni kama elektronivolti 0.00004 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Katika safu moja ya molibdeni na salfa, bendi ya chini (kundi la ngazi za nishati ambalo elektroni zimelijaza) inapasuka kwa elektronivolti 0.15 hivi. Weka tangsteni na seleniamu, unafika karibu 0.45. Hiyo ni maelfu ya mara. Mwaka 2005 Charles Kane na Eugene Mele waliandika nadharia ya kupendeza kwamba grafini ingekuwa na njia za pembeni ambazo kila upande wa spini unakwenda mwelekeo wake. Nadharia ilikuwa sahihi, ila kaboni ikashindwa kuibeba. Ilipofika 2007, maabara ya Laurens Molenkamp kule Würzburg, Ujerumani, iliziona njia hizo katika mchanganyiko wa zebaki na teluriamu, vitu vizito. Ndoa ilipangwa na kaboni, ikafungwa na zebaki.

Kuna njia ya kuiokoa grafini: kuilaza juu ya jirani mzito. Tangu katikati ya miaka ya 2010 watafiti wamekuwa wakiiweka juu ya safu za tangsteni na salfa, au tangsteni na seleniamu, na elektroni za grafini zikaanza kuhisi uzito wa jirani. Ni kazi nzuri. Lakini angalia imekupeleka wapi: kwenye uzito, palepale ambapo ungeanzia.

Ndiyo maana namrudisha mpwa wangu mwaka 1879.

Edwin Hall alikuwa mwanafunzi Baltimore, Marekani, chini ya mwalimu aliyeitwa Henry Rowland. Alisoma kwenye kitabu kikubwa cha Maxwell kwamba sumaku ikiwekwa karibu na waya wenye umeme, nguvu inamsukuma kondakta (waya wenyewe), siyo mkondo uliomo ndani. Mtoto wa Mbeya akisikia kondakta anamwona mtu aliyening'inia mlangoni mwa Hiace ya Uyole akiita abiria, na kwa kweli picha hiyo inafaa. Maxwell alikuwa anasema gari likikata kona anayesukumwa ni kondakta, abiria hawaguswi. Hall hakuamini. Alidhani abiria lazima walalie upande mmoja. Akajaribu kwa kipande kinene cha metali, hakuona kitu. Kwa ushauri wa Rowland akachukua karatasi ya dhahabu iliyobandikwa kwenye kioo, akaiweka kati ya ncha za sumaku, na Oktoba mwaka huo akaona volti imejitokeza kuvuka upana wa ile karatasi, pembeni, mahali ambapo mkondo hauendi. Elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitangaza miaka 18 baadaye.

Wembamba ndio uliomwokoa Hall. Volti ya pembeni ni mkondo ukizidishwa kwa sumaku, halafu ukigawanywa kwa wingi wa elektroni na kwa unene. Chukua karatasi ya dhahabu yenye unene wa nanomita 100, pitisha ampea 0.1, weka sumaku ya nusu tesla (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku): unapata mikrovolti 53. Chukua bati la dhahabu la milimita moja, kwa mkondo uleule: nanovolti 5. Hapo hata uwe na kifaa cha leo unahangaika, sembuse galvanomita ya 1879. Kila kilichofuata katika taaluma hii ni watu kuendelea kukondesha kitu kile walichokipima, hadi elektroni zikabaki na sakafu moja tu ya kutembelea, hakuna juu wala chini.

Februari 1980, Klaus von Klitzing, akiwa Grenoble, alipima volti ya pembeni ya elektroni zilizobanwa juu ya silikoni, kwenye baridi kali na sumaku kubwa. Badala ya mstari unaopanda akapata ngazi. Kila ngazi ukinzani wake ni omu 25,812.807 ukigawanywa kwa namba nzima, na haijali kipande kina uchafu kiasi gani. Anayeupanda mlima Kitonga ataelewa upesi kwa nini. Lori likizimika pale, waliopo nyuma wangependa kugeuza warudi Ruaha Mbuyuni. Upande wa pili upo, wanageuza, safari inakufa. Ukinzani ni huko kugeuza. Sasa fikiria Kitonga isiyo na upande wa kushuka. Ndani ya sakafu ya von Klitzing, elektroni za katikati zinazungushwa na sumaku papo hapo, haziendi popote. Za pembeni zinagonga ukingo na kuruka, zinagonga na kuruka, zote mwelekeo mmoja. Njia ya kurudi iko ukingo wa pili, mbali. Ikikuta uchafu, elektroni inauzunguka na kuendelea, kwa kuwa hakuna kwa kugeukia.

Tangu Mei 20, 2019, kilo yenyewe imefungwa kwenye namba ya Planck, namba isiyobadilika ya fizikia ya kwantumu, na mizani ya kuifikia inategemea ukinzani huu wa von Klitzing kama mojawapo ya nguzo zake. Wakulima wa viazi wa Uporoto wanaolia na lumbesa wana sababu ya kucheka kidogo: dunia imeipima kilo mpaka tarakimu ya nane, gunia lao bado linashonewa kilemba.

Mpaka hapo spini haijaingia. Ikiingia, mambo yanachafuka kwa namna nzuri.

Mwaka 1930 Lev Shubnikov na Wander de Haas, wakiwa Leiden, waligundua kwamba ukinzani wa bismati (kizito kingine, protoni 83) hauongezeki kwa ulaini sumaku inapoongezwa. Unapanda na kushuka kama mawimbi. (Shubnikov alirudi Umoja wa Kisovieti, akafanya kazi Kharkiv, na mwaka 1937 akapigwa risasi na utawala wa Stalin. Jina lake linatajwa kila siku maabara, kifo chake mara chache.) Mwaka uleule Landau alieleza kwamba elektroni inayozungushwa na sumaku haiwezi kuwa na nishati yoyote ile, ina matuta yake ya kusimama, na sumaku ikikua matuta yanapanda yakipishana na usawa wa elektroni za juu kabisa. Kila tuta likipita, ukinzani unatikisika.

Sasa weka mwingiliano wa spini na mzunguko. Katika tabaka jembamba ambalo juu yake na chini yake hapafanani, kuna umeme unaosukuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na elektroni inayotembea ndani yake inauona kama sumaku ya kulala, yaani iliyolala sambamba na tabaka. Bychkov na Rashba waliiandika hesabu hiyo mwaka 1984. Elektroni zinagawanyika makundi mawili yenye idadi zinazotofautiana kidogo, na kila kundi lina mawimbi yake ya Shubnikov. Umewahi kulala mtaa wenye mashine mbili za kusaga zinazonguruma karibu sawa, lakini si sawa kabisa? Husikii mashine mbili. Unasikia mngurumo mmoja unaovimba na kunywea, unavimba na kunywea. Ndivyo ukinzani unavyofanya. Kwa kuhesabu mahali unaponywea unapata tofauti ya makundi mawili, na kutoka hapo ukali wa mwingiliano. Mwaka 1997 Junsaku Nitta na wenzake wa Japani walionyesha kwamba ukibadilisha volti ya geti (kibao cha metali kilicho juu ya tabaka), manyweo yanahama: maana yake betri inaweza kukaza au kulegeza mwingiliano huo bila kuongeza sumaku.

Hapa nina ugomvi wangu mdogo. Makala nyingi za kitaalamu zinaona manyweo mawili matatu na kukimbilia kuandika thamani ya mwingiliano kwa tarakimu tatu. Mngurumo wa namna hiyo unaweza kuletwa na mambo mengine: tabaka lenye wingi wa elektroni usio sawa kutoka kona moja hadi nyingine, au elektroni zilizojaza bendi ya pili juu ya ile ya kwanza. Na sumaku yenyewe, kwa kuivuta spini moja kwa moja, inashindana na mwingiliano unaotaka kuupima. Kadiri unavyoiongeza ndivyo inavyokuhamishia jibu. Hata ile ndoto ya mwaka 1990 ya Supriyo Datta na Biswajit Das, transista inayozungusha spini kwa geti, imetimiza zaidi ya miaka 30 bila kufika dukani. Mwanafunzi wa kwetu ajue kwamba uwanja huu haujafungwa, na kwamba kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kutilia shaka, kazi isiyohitaji mashine ya mabilioni.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko kwenye sumaku ndogo, si kubwa. Na ndani yake dhahabu inarudi.

Chukua kikombe cha chai, kiweke juu ya kiganja cha kulia kinachotazama juu. Kizungushe kuelekea ndani, kikipita chini ya kwapa, mpaka kirudi kilipoanzia. Kikombe kimezunguka mzunguko mmoja kamili na chai haijamwagika, lakini mkono umesokotwa na kiwiko kimeelekea mbinguni. Usirudi ulikotoka. Endelea upande uleule, safari hii ukipitisha juu ya kichwa. Mzunguko wa pili ukiisha, mkono umenyooka. Spini ya elektroni ni kama mkono huo: mzunguko mmoja haurudishi mambo yalivyokuwa, unaacha alama ya kutoa; inahitaji miwili.

Katika tabaka chafu lililo kwenye baridi kali, elektroni inatangatanga kama mlevi wa sikukuu. Mara nyingine inapiga duara na kurudi ilipotoka. Kwa kuwa elektroni ni wimbi, inapiga duara hilo kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, na mawimbi mawili yanakutana nyumbani yakiwa yamepatana. Yakipatana yanaongezana, elektroni inarudi mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, ukinzani unapanda. Lakini kama njiani spini imezungushwa na viini vizito, mawimbi hayo, kwa wastani, yanakutana na ile alama ya kutoa katikati. Badala ya kuongezana yanafutana. Elektroni hairudi, ukinzani unashuka. Weka sumaku kidogo tu, mapatano yote yanavurugika: kitu chepesi kitaonyesha ukinzani ukishuka, kizito kitaonyesha ukipanda. Hikami, Larkin na Nagaoka waliandika kanuni ya hayo mwaka 1980.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, Gerd Bergmann alitengeneza tabaka jembamba la magnesiamu, yenye protoni 12, akalipima karibu na joto la heliamu ya kimiminika. Kwa sehemu kubwa ukinzani ulishuka sumaku ilipoongezwa, kama kitu chepesi. Kisha akanyunyizia dhahabu, kidogo sana, isiyotosha hata safu moja ya atomu. Mchoro ukapinduka. Akaongeza kidogo tena, ukapinduka zaidi, mpaka ukinzani ukawa unapanda pale ulipokuwa unashuka. Mimi sijui jaribio lingine linaloeleza nguvu ya kiini kizito kwa uwazi namna hiyo. Vumbi la Chunya juu ya magnesiamu, na wimbi la elektroni linabadili alama. Mwaka 1996 mgawanyiko wenyewe wa Rashba ulionekana kwa macho ya vifaa vya mwanga juu ya uso wa fuwele ya dhahabu, ambako elektroni za juu zinaishi kama ziko kwenye karatasi. Dhahabu haijawahi kuondoka katika habari hii. Ni sisi tulioacha kuitazama kwa kuwa tunaiona kila siku.

Wapo watakaoniambia: mwandishi, unaongelea dhahabu wakati tuna makubwa zaidi. Wana la kusema. Magharibi ya jiji la Mbeya, Panda Hill ina niobiamu. Mwaka 2016 watafiti kutoka Uingereza walitangaza hazina ya heliamu katika bonde la Rukwa, gesi iliyozaliwa taratibu ndani ya miamba mikongwe kwa kuoza kwa urani na toriamu, kisha joto la volkano za Bonde la Ufa likaifukuza kutoka mwambani. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoendesha maabara nyingi za leo za aina hii: sumaku kubwa zinasukwa kwa nyaya za niobiamu na titani, na zinapozwa kwa heliamu mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri. Hata mashine nyingi za MRI hospitalini ni nyaya hizohizo na gesi hiyohiyo.

Niobiamu ina la zaidi. Ukiiunganisha na seleniamu na kubakisha safu moja, inakuwa kipitishi kisicho na ukinzani kwenye baridi. Sumaku ikilazwa sambamba na safu, haiwezi kuzizungusha elektroni, maana hazina pa kupanda. Inachoweza ni kuzivuta spini. Kwa kawaida mvuto huo huvunja jozi za elektroni zinazoleta hali hiyo ya kutokuwa na ukinzani. Hapa mwingiliano wa spini na mzunguko umeshazisimamisha spini wima kama nguzo za umeme, hazilazwi kirahisi. Mwaka 2016 ilipimwa kwamba safu hiyo inastahimili sumaku ya kulala zaidi ya mara sita ya kikomo kilichotarajiwa kwa spini za kawaida. Kulaza na kusimamisha kipande ndani ya sumaku, na kutazama kipi kinabadilika, ndiyo njia safi kuliko zote ya kutenganisha kazi ya mzunguko na kazi ya spini.

Nafurahi kuyasema hayo, na bado sikubaliani na wanaoruka kutoka hapo hadi kusema tutakuwa kitovu cha teknolojia ya kwantumu kwa sababu ya mlima na bonde. Chunya imetoa dhahabu tangu enzi za mkoloni, na sijasikia darasa la Chunya lililopima volti ya Hall kwa dhahabu. Kuwa na madini ni jambo la jiolojia. Kupima ni jambo la mikono na mwalimu.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa walimu, na hasa wanaoandaliwa Mkwawa pale Iringa na vyuo vingine vya ukanda huu. Sumaku ipo kwa mafundi kompyuta wa Mwanjelwa: fungua diski kuu iliyokufa, utakuta vipande viwili vyenye nguvu ya ajabu. Ukiwa umeifungua, mwonyeshe mwanafunzi kile kichwa kidogo kinachosoma. Diski hizo zilikua kwa kasi baada ya Albert Fert na Peter Grünberg kugundua mwaka 1988 kwamba ukinzani wa tabaka nyembamba za sumaku unategemea spini. Nobeli yao ilikuja 2007. Na kwa wasiopenda kushika vyuma, hesabu ya Bychkov na Rashba ndani ya sumaku inavunjika vipande vya matriksi 2 kwa 2, kwa sababu kila tuta la Landau lenye spini ya juu linashikana na tuta moja tu la jirani lenye spini ya chini. Matriksi za 2 kwa 2 zinafundishwa kidato cha nne. Nishati zake ni majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Baada ya hapo kuna programu huria ya Kwant, inayoendeshwa kwa laptopu ya kawaida, na mwanafunzi anaweza kuzichora ngazi za von Klitzing sebuleni kwao.

Mpwa wangu hakuiacha grafini, ila amekubali kuanza na meza ya Hall. Karatasi ya dhahabu tuliagiza Dar es Salaam, ile ya mafundi wa mapambo. Si ya Chunya, nakiri. Tumeibandika kwenye kioo, tukaweka sumaku mbili za diski, tukapitisha ampea 0.1. Multimita ikasoma milivolti 1.1.

"Mjomba, imetoka!"

"Ilitakiwa mikrovolti 53. Hiyo ni mara 20."

Akakaa kimya. Tukahesabu pamoja: migusano yake miwili ya pembeni haikutazamana sawasawa, imepishana kama nusu milimita, na upishano huo peke yake unatosha kutoa milivolti moja ya ukinzani wa kawaida. Dawa ni kugeuza sumaku, kutoa usomaji mmoja kwa mwingine na kugawanya kwa mbili, kwa kuwa upishano haugeuki na Hall inageuka. Akageuza. Multimita ikasoma 1.2. Inaweza kuwa Hall, inaweza kuwa joto la vidole vyake kwenye mgusano, na kifaa chenyewe hakioni chini ya 0.1. Kwa sasa anaunganisha kikuzaji cha mawimbi kutoka redio mbovu, na mimi nimeambiwa nisiguse meza.